Soksi Zilizosimama Wima

Fomu niliitia sahihi usiku, jikoni:
euro kumi na moja, soksi za akiba jozi mbili,
mkate, na viatu "ambavyo mzazi hatavililia."
Nikacheka peke yangu. Kulipia tope!
Tope tunalo bure, nyuma ya boma tu;
hapa Friesland bahari ni jirani asiyebisha hodi.

Alirudi saa kumi, rangi ya udongo hadi mapajani.
"Safari ilikuwaje, Jelmer?"
"Sawa tu."
Akavua soksi. Zikasimama wima sakafuni
kama wanafunzi wawili waliosahauliwa na basi.

Sikuuliza tena. Elimu ya namna hii haiulizwi,
huvuja.

Ilivuja mezani, kijiko kikiwa njiani:
"Mama, mnyoo mmoja hula ndoo nzima ya mchanga kwa mwaka,
kisha huutoa safi. Mwalimu Wytske alituandikia ubaoni tangu Machi.
Sikuamini mpaka aliponitekenya kiganja."
Nani, mwalimu?
"Mnyoo!"

Mashine ya kufulia ikakohoa mchanga siku mbili.

Ikavuja usiku wa manane, miguu mitupu mlangoni pangu:
"Ule mfereji wa kwenye ramani ya darasa haupo.
Umehama. Douwe aliupapasa kwa fimbo yake ndefu
akasema ramani ni barua ya mwaka juzi.
Mwalimu akapiga magoti palepale topeni,
akatoa kifutio, akauchora upya."
Akanyamaza kidogo.
"Sikujua kwamba walimu hufuta."

Mimi nimezaliwa hapa.
Miaka ishirini nahesabu fedha za watu benki,
jiwe ukilirusha kutoka dirishani linafika bomani,
na kupwa na kujaa nakujua kwa kalenda ya ukutani,
ile yenye picha za ng'ombe.

Jumapili akanishika mkono.
Hatua thelathini, si zaidi, Douwe amekataza.
Ya tisa, buti langu likamezwa.
Nikavuta. Likazama. Nikavuta tena,
nikamwita Mungu, nikamwita na marehemu mama.

"Usivute," akasema mwanangu,
sauti ya utu uzima ikimpwaya kama koti la kuazima.
"Zungusha kisigino. Polepole. Hewa iingie.
Tope halipendi kushindwa. Linapenda kuombwa."

Nikaomba kwa kisigino.
Chini ya wayo kitu kikashusha pumzi, pwaa,
mguu ukarudi, na buti lake,
na harufu ya yai viza, na chumvi,
na ndege mwenye mdomo mwekundu akatupigia kelele
kana kwamba tumechelewa kipindi.

Leo imeletwa fomu nyingine: kiwanda cha jibini, Novemba.
Nimetia sahihi kabla ya kusoma bei.
Pale chini, penye nafasi ya maoni ya mzazi,
ambapo miaka yote huchora kistari,
nimeandika, nikafuta, nikaandika:
kwenye basi, je, kuna kiti kimoja cha mtu mzima?