Unene wa Mstari

Niliandika: unene, moja.
Skrini ikatoa uzi, mwembamba kama unywele wa kichanga,
mpaka wa Bi Somoe na Nandonde kule Kitangari.
Bosi akainama. "Hauonekani huu. Nenepesha."

Nikaweka tano.
Ukaonekana, sawa,
ila nilipokuza ramani
ulikuwa umemeza mikorosho mitatu.
Ya nani? Kompyuta haina habari,
haijawahi kuinama kuokota korosho.

Mimi mpaka ule nimeupita kwa miguu, kipimio begani:
safu ya mibono, kisha kijia
cha unyayo mmoja na nusu,
wanapopishana kwa ubavu
majirani wasiosalimiana tangu msimu wa juzi.

Nikajaribu nusu.
Maktaba ya michoro haikukataa, haikunung'unika,
ikachora moja ileile, kimya,
kama karani aliyekwisha kufunga daftari.
Na hiyo moja, kwa kipimo cha ramani yetu,
ni hatua nne za mtu mzima.
Hatua nne za nani, sikuuliza tena.

Nimeiacha moja.
Nimegeuza rangi tu, wekundu wa udongo wa Newala.
Asiyeuona
ainame.