Hana Nini?

Bafta nyeupe niliinunua dukani kwa Badi, wari nne na nusu.
Akapima kimya, akakata, akauliza kwa sauti ya chini:
"Nani ametutoka?"
Nikamwambia hakufa mtu,
nakwenda kujifunza kupiga mateke.
Akaitazama miaka yangu arubaini na mitatu,
akaniongeza robo wari bila malipo,
labda ya mapaja, labda ya huruma.

Basi wewe uliyenisimamisha leo hapa Maweni,
ada ya mwezi umeikunja kiganjani mpaka imelowa,
nisikilize, ingawa mkanda wangu mwenyewe
ungali mweupe.

Kata kucha. Za miguu pia.
Viatu viache mlangoni, na pini za mtandio uzivue zote:
moja ilinichoma shingoni siku ya kwanza,
nikapiga ukelele kabla hatujaamriwa kupiga ukelele,
na mwalimu Mwarandu akasema, "Vizuri. Mwingine."

Atahesabu Kikorea.
Ataita "Hana!" na ukumbi mzima utatupa ngumi,
wewe utaduwaa, ukijiuliza hana nini,
nani hana, na kwa nini wanampiga asiye na kitu.
Hana ni moja. Dul, mbili. Set, tatu.
Utazoea. Siku hizi vifungo vya wateja navihesabu hivyo hivyo,
nao wanadhani nanuia jambo.

Kuinama, hilo lilininyima usingizi.
Nilikwenda mapema nikamwuliza faraghani.
Akasema, hapa tunasalimiana tu;
moyo ukisita, weka mkono kifuani, inatosha.
Wako wafanyao hivyo, wala hakuna anayewageukia.
Uliza. Usikae na neno kooni
halafu ukaacha kuja.

Mbele yako atasimama Tsofwa, miaka tisa, mkanda wa kijani,
yule yule aliyeniletea juzi kaptura
iliyopasuka makalioni.
Atakuonyesha kisigino kinavyogeuka.
Mwitikie. Umri hapa haupangi mstari.

Kinga za kifua usinunue sasa, wala kofia.
Mwezi wa kwanza ni kusimama.
Kusimama tu, mwenzangu, magoti umeyakunja
kama anayetaka kukalia kigoda
na kigoda kimeondolewa.
Mabati yanashusha joto, mkeka unanata nyayo,
na vijana wa dirishani watakucheka.
Watachoka. Mmoja wao sasa
ndiye anayetushikia ngao tukipiga.

Utarudi nyumbani usiweze kuchuchumaa.
Utapanda ngazi ukishika ukuta, mkeo akuulize nani kakupiga,
nawe useme: hewa.
Kwani ni hewa tuipigayo, wiki baada ya wiki,
na hewa haianguki.

Mimi nimeshona miaka ishirini na mbili,
nafunga uzi gizani, kwa mkono mmoja,
lakini fundo la mkanda lilinishinda siku kumi na moja.
Lilifunguka mbele ya watu. Nikageuka nyuma, nikafunga tena.
Ndivyo inavyotakiwa: unageuka, unafunga, unarudi.

Teke langu linafika kiunoni, siku njema.

Njoo Alhamisi, saa kumi na moja, na chupa ya maji.
Hizo pesa usinipe mimi,
mpe Mwarandu, na akuandikie risiti.
Ile robo wari ya Badi ningali nayo:
suruali yako ikipasuka, niletee.
Itapasuka.