Ripoti ya Hali, Namba 47

Kazi yangu ni kuandika madoa.
Nina glavu nyeupe, tochi, tepu ya kupimia
na fomu ya kurasa mbili: urefu, upana, kasoro.
Warszawa, mwezi Machi; theluji imegeuka tope nje,
na mbele yangu imesimama nguzo ya nguo
iliyonipita kimo kwa kichwa na nusu.

Naandika: Sanamu. Jina lake, "Jumatatu".
Msanii: Gniewomir Paśko, wa Łódź.
Nguo zilizovaliwa, gundi, fimbo ya chuma ndani.
Nguo thelathini na moja. Nimezihesabu mara mbili,
maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Suruali za kazi. Sweta la mtoto, kiwiko kimeliwa na dawati.
Aproni ya kiwanda cha nyuzi,
tiketi ya tramu imegandia mfukoni.
Gauni la nyumbani la maua ya buluu, maua yale yale
ambayo kila bibi wa ghorofa zetu alivaa
akifungua mlango nusu, kumjibu mtu wa umeme.
Soksi moja.

Nasikia nguo za kwetu hufungwa marobota,
huvuka bahari, na huko huitwa kafa Ulaya,
kisha hufufuka migongoni mwa watu.
Hizi zilikosa meli.

Doa la kahawia, kola ya shati la saba.
Ni chai? Ni shingo?
Ni kasoro, au ndiyo kazi yenyewe?
Fomu ina visanduku viwili tu, ndiyo na hapana.
Nikamwuliza Bwana Leszczyc. Hakuinua macho:
"Likiwa lilitangulia gundi, ni sanaa.
Likija baada ya gundi, ni uharibifu."
Siku nne nimelitafuna jibu hilo kwenye tramu.

Siku ya maonyesho wanunuzi wakaizunguka, mikono nyuma.
Mmoja akatamka "uchungu wa tabaka la wafanyakazi"
akaenda kuchukua kitafunwa kingine cha samaki.
Akaja mama mwenye kofia ya sufu na mfuko wa plastiki.
Alisogea karibu mno, akainama, akasema
(si nami, na shati), "Kitufe kinaning'inia."
Akafungua mkoba. Sindano ilikuwa na uzi tayari.

"Mama, hairuhusiwi kugusa."

"Aproni hii ni yangu," akasema, bila hasira,
kama mtu anayeonyesha kiti chake kanisani.
"Jumatatu moja Gniewek alikuja na gari la rafiki yake.
Mama, leo nipe mimi nguo chafu, nitakufulia.
Nilifurahi. Mtoto hakuwahi kufua hata leso.
Nikangoja mpaka Alhamisi.
Nikavaa koti la marehemu baba yake ndani ya nyumba."

Hakudai kitu. Hakuuliza bei.
Alikitazama tu kile kitufe
jinsi unavyomtazama mtoto mwenye kamasi mbele ya wageni.

Kalamu yangu ikaanguka.
Niliiokota polepole, polepole kuliko kalamu inavyohitaji,
na nilipoinuka alikuwa anakata uzi kwa meno.

Jioni nyundo ikagonga:
zloti laki tatu na arobaini elfu,
kwa sauti ya simu kutoka Zurich.
Watu wakapiga makofi, kofi za glavu, hazina mlio.
Yeye alikuwa ameshaondoka; treni ya Łódź
haimngoji mtu.

Usiku nikabaki na fomu.
Kilichokuja baada ya gundi ni uharibifu.
Nikaikuna kalamu kwenye pembe ya karatasi mpaka wino ukatoka,
nikaandika: Kitufe, shati la saba. Imara.

Shati ni la kijivu. Uzi ni mwekundu.
Hilo sikuliandika.