Ganda la Sita

Baba alinyoosha kidole chenye kutetemeka
kuelekea rafu ya juu, kwenye mtambo wenye vituo vitano,
na Lyle, mwenye duka, akachangamka:
"Huu, Orest, unakutolea risasi mia tano kwa saa."

Baba aliutazama kama mtu atazamavyo farasi wa jirani.
"Mia tano. Nikimbilie wapi nazo?"
Akachukua ule mdogo, wa chuma cha kusubu,
unaomeza ganda moja, ukalitema, ukangoja.

Yorkton, Februari. Nje, gari letu
limechomekwa waya wa umeme kama mgonjwa wa dripu
lisije likafa kwa baridi.

Kalibu akataka ngumu, zisizodai mafuta.
Fataki, ndogo, za bastola;
Lyle alileta za bunduki, akarudishwa kwa jicho.
Vichwa je, vilivyovikwa shaba au vya risasi tupu?
"Tupu. Vinaenda kutoboa karatasi,
haviendi harusini."

Kwenye baruti alikawia.
Akachagua ile nyepesi, inayojaza ganda,
ili mtu akijisahau akaimimina mara mbili
ifurike mezani, imuumbue.
"Nataka baruti inayonisema nikikosea," alisema.
"Mama yako hayupo tena."

Nikageuka kutazama glavu.

Ikabaki mizani.
Ya betri ilitaja namba kabla hujauliza.
Ya sindano ilibembea, ikasita, ikabembea.
Baba alijaribu kutia punje chache kwenye kisahani,
mkono ukamwaga.
Lyle akapata jambo la kuangalia dirishani.

Na mimi, niliyeapa nikiwa na miaka kumi na sita
kwamba vitu hivi sivigusi,
nikasikia mdomo wangu: "Chukua ya sindano.
Nitasoma mimi."

Sasa kila Alhamisi, gerejini:
sigara zimebaki barazani, baruti ni moja tu mezani,
miwani usoni, daftari wazi.
Yeye huvuta mkono wa mtambo,
kazi ambayo chuma humwongoza njia nzima.
Mimi hubana pumzi mpaka sindano itulie,
nikasema "ndiyo," au "hapana, punguza,"
na sijui kama tumewahi kuongea zaidi ya hapo.

Machi tulikwenda uwanja wa shabaha.
Alipiga sita. Karatasi ilitoboka mara moja,
pembeni, karibu na jina la kiwanda.
Akaitazama, akaikunja, akaitia mfukoni.

Maganda matano yalikuwa yameyeyusha vishimo vyao thelujini.
La sita tulilitafuta kwa magoti.
"Liache, Baba, ni la senti kumi."
"Hili bado lina kazi," alisema,
akivua glavu ili achimbe vizuri.