Kiti Kinauliza

Jumamosi ya kwanza ya Mei, hapa Worthington, Minnesota,
theluji imekwisha kusahauliwa, nyasi zimefika kwenye soksi,
nikapanda mashine ya kukatia nyasi
kama mtu apandaye punda wa ami yake:
kwa heshima, na kwa wasiwasi.
Nikazungusha ufunguo.
Tk.
Tk, na kimya.

Nilianza na betri, maana kila mtu huanza na betri.
Vichwa vyake vimeota ukungu wa kijani.
Nikavisugua kwa magadi na mswaki uliochakaa,
nikaichaji usiku kucha.
Asubuhi ikanguruma vizuri.
Nikaachia breki,
ikafa.

Shuleni Muheza tulikata nyasi kwa fyekeo.
Fyekeo halikuulizi kitu. Ukisinzia, shauri yako.
Hii ya hapa ina hodi tatu
na kila hodi inataka mwitikio wake:
Mguu uko kwenye breki?
Visu vimelala?
Kuna mtu kitini?

Nikalala chali, tochi mdomoni.
Swichi ya breki, nzima.
Swichi ya visu imeziba kwa nyasi za mwaka jana;
nikaipuliza, nzima.
Nikakiinua kiti. Kumbe panya alipanga humo majira ya baridi,
katandika sufi, waya hakuugusa.
Na hapo swichi ya tatu, nyeusi, ndogo kama tende.
Nikaibonyeza kwa kidole gumba: injini ikaendelea.
Nikakaa mwenyewe: ikafa.
Kidole changu kilitambuliwa.
Mimi sikutambuliwa.

Verlyn Haugen akavuka ua na kikombe cha kahawa.
"Hebu shuka."
Akakaa yeye, kilo mia na kumi na tano
za viazi na ibada za Jumapili,
na injini ikaitika kama kwaya.
Akazunguka uwanja mara moja, akarudi,
hajui aweke wapi macho.
Ndiye aliyenipeleka Sioux Falls kila Jumanne,
Novemba mpaka Machi, kwenye dripu,
redio ikisoma bei za mahindi.
Hatukutaja ugonjwa.
Tulisema springi ya kiti imekuwa ngumu.

Akatoa kipande cha waya mfukoni.
"Unaunga hapa na hapa, haitakuuliza tena.
Yangu niliiunga tangu mwaka wa mafuriko."
Nikautazama mkono ulioshika waya:
vidole vitatu vilishika,
viwili havikuwepo kushika.
Sikusema neno.
Naye akautazama, kama mkono wa mtu mwingine,
akaurudisha waya mfukoni,
akanywa kahawa iliyokwisha kupoa.

Saumu alikuwa dirishani, ameyaona yote.
Akatoka na mfuko wa mchele, ratili ishirini,
ule aliouweka kwa ajili ya Idi,
akaniweka nao mapajani
kama mgeni anavyopewa mtoto ampakate.
"Kaeni," akasema. "Nyote wawili."

Ikawaka. Ikakaa.
Nikakata nyasi nimepakata mchele,
wajukuu wa Verlyn wanacheka hadi baiskeli zinaanguka,
nami nacheka, mbavu zinauma, visu vinazunguka.

Juni, mfuko ulibaki na ratili kumi na mbili.
Julai, sita.
Mchele uliingia sufuriani, na sufuria ikaingia kwangu.
Saumu hakuwa na mizani; alipima kwa mkanda wangu,
tundu kwa tundu.

Jana nilipanda mikono mitupu.
Karibu na mtaro palikuwa na tawi lililoanguka.
Nikajiinua kidogo nilisukume kwa mguu,
na papo hapo kila kitu kikazima,
visu, injini, hata ndege nadhani walinyamaza.
Zamani ningeitukana.
Nikakaa. Nikakanyaga breki. Nikazungusha ufunguo.
Nipo, nikaiambia. Nipo.
Nilikuwa nachungulia tu.

Kipande cha kando ya ua wa Verlyn sikukimaliza.
Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Dakota.