Kadi ya Miaka Miwili

Abdon ananijua kwa jina,
na hapo ndipo penye tatizo.
Muuza friji akikujua kwa jina
ujue umerudi mara nyingi.

"Karibu, Mama Sikitu. Kaa huku kwenye feni.
Leo soda gani?"
Leo. Maana kulikuwa na juzi,
na ile Jumanne ya mvua nilipovuka Msimbazi
kadi nimeivalisha nailoni
kama cheti cha kliniki.

Nililinunua Mtaa wa Aggrey, duka lenye vioo,
laki saba na nusu, pesa ya mchezo, zamu yangu.
Kadi nzito, nembo inang'aa:
friji miaka miwili, kompresa mitano.
Nikajiambia, chenye cheti kina wazazi.

Mwezi wa tatu likaanza kukohoa.
Barafu za ubuyu mia na arobaini
zikayeyukia sebuleni, nyekundu,
mtoto wa jirani akadhani tumechinja.

Wakaja. Lazima niseme kweli, wakaja,
kesho yake tu, vijana wawili,
wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa,
wakabadilisha kidude, wakanipa karatasi nitie sahihi.
Siku tisa likagandisha. Ya kumi likaacha.
Wakaja tena. Viatu mlangoni tena.
Sijawahi kuhudumiwa hivi maishani,
hata wodi ya wazazi.

Lile la mama, kule Mtoni,
aliuziwa na Sanga wa Mtaa wa Livingstone
mwaka ambao Sikitu alikuwa bado anatambaa.
Sanga hakuwa na kiti cha mteja.
Alihesabu noti mara tatu, akasema,
"Likikushinda usiniletee,"
akarudia ugali wake.
Sikitu sasa yuko chuo.
Mlango wa friji umefungwa kwa mpira wa baiskeli,
rangi imebabuka kama goti la mtoto,
na ndani linagandisha hadi ulimi.

Nyuma ya kadi yangu kuna maandishi madogo,
kama safu ya sisimizi.
Nilimwita Sikitu anisomee.
Waranti haihusu umeme kupanda na kushuka.
Haihusu unyevu, chumvi ya hewani, vumbi,
mende walioingia wenyewe,
wala matumizi ya biashara.
Nikamwambia rudia. Akarudia.
Yaani haihusu Dar es Salaam.

Safari ya tano Abdon alinisindikiza hadi nje,
akavua beji, akaitia mfukoni,
akaangalia magunia ya vitenge yakipita kichwani mwa watu.
"Mama, nikwambie kitu? Kwetu Kinyerezi
tunatumia mtumba. Halina hata karatasi."
Kisha akaibandika beji, akaingia,
nikamsikia, "Karibu, kaa huku kwenye feni,"
sauti ile ile, ya upole ule ule,
na nikashindwa kumchukia.
Upole wake ni wa kweli.
Ila friji si lake.

Kizuri chajiuza, tuliambiwa.
Hatukuambiwa kibaya kinampa mteja kiti na soda.

Jumamosi la mama likaja Tabata kwa guta,
limesimama wima, limefungwa kanga,
dereva akipiga kengele kama analeta bibi harusi.
Mama hataki pesa. Anataka barafu kumi kila Ijumaa.
Risiti hakunipa. Alinipa neno moja:
"Likinuna, lipige kiunoni, hapa, si kwa nguvu."

Sakafu yangu imebonyea kona moja.
Usiku likawa linatetemeka, vikombe vinagongana.
Nikaamka, nikaikunja kadi mara nne,
nikaichomeka chini ya mguu wa nyuma.

Likatulia.

Bado ina miezi kumi na sita.