Iliyokufa Leo

Zimelazwa juu ya maboksi, saba,
nyuma ya gereji, Sur, saa tatu na jua lishachoma.
Humaid anaisifia ile iliyopakwa rangi juzi:
"Hii, dada Ghaniya, mvuto mmoja tu, imewaka."
Inayowaka itanifundisha nini?

Naiacha na rangi yake.
Naishika kamba ya ile ya pembeni, nguvu farasi kumi na tano,
kofia imepasuka, jina limeliwa na chumvi.
Navuta polepole. Inakataa.
Inakataa, kisha inalegea,
na ndani kitu kinashusha pumzi.
Basi pistoni haijagandana.
Nafungua plagi: nyeusi, ina mafuta bado.
Nainusa.

Marehemu mama alinunua samaki hivi,
akifunua shavu kwa kidole,
akinong'ona kwa Kiswahili cha Wete
wauzaji wasimwelewe:
"Huyu kafa juzi. Huyu kafa jana.
Yule kafa leo, twende naye."

"Hiyo mbovu," Humaid anasema,
na macho yake, kwa mara ya kwanza, hayauzi kitu.
"Najua."
Riali kumi na nane. Alitaka ishirini na tano.
Boliti moja ya chini imekatikia ndani;
hiyo tutagombana nayo mpaka Ramadhani.

Tunaibeba wawili hadi garini.
Naifunga mkanda kiti cha nyuma kama mgeni,
chini yake gazeti la wiki iliyopita.
Kabla sijafika barabara kuu
gazeti limeshalowa.
Inavuja. Sijui bado ni wapi.